Toleo Alilochagua Chiriku

Kila siku akitoka shuleni, Chiriku alivua sare, akanawa mikono, kisha akaketi kando ya baba yake na kumpa sponji. Baba aliifinya kwa mkono wa kulia, akaiachia, akaifinya tena. Ndivyo walivyoagizwa hospitalini tangu alipopata kiharusi kilichoudhoofisha upande huo wa mwili wake. Baba akifinya sponji, Chiriku alimwaga habari za siku nzima: nani kachelewa, nani kacheka mpaka katolewa nje, mwalimu gani kavaa viatu visivyofanana. Alipewa jina la utani la ndege yule mdogo mwenye kelele kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

"Pumua kidogo, mwanangu," baba alikuwa akimwambia. "Habari hazikimbii."

Kabla ya kuugua, baba alikuwa mpiga picha. Alipiga picha za harusi, za mahafali na za vitambulisho. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na papara; mtoto akilia, alimsubiri mpaka anyamaze mwenyewe. Sasa akiishika kamera ilitetemeka, na picha zilitoka na ukungu. Kwa muda mrefu alikaa tu dirishani akitazama watu wakipita barabarani.

Mdogo wake, ambaye Chiriku alimwita baba mdogo, ndiye aliyekuja na wazo.

"Kaka, mimi nitapiga picha, wewe utazihariri hapa hapa nyumbani. Mkono ndio ulioumwa, jicho lako ni zima."

Mama alikuwa mshonaji. Alijibana, akamnunulia baba kompyuta ndogo ya kubeba iliyokwishatumika. Ilikuwa nzima, ila haikuwa na mfumo endeshi, yaani ile programu kuu ambayo bila hiyo kompyuta ni sanduku tu. Ilibidi ipelekwe kwa fundi iwekewe toleo linalofaa. Mama alikuwa kazini, na ngazi za jengo lao zilikuwa bado mtihani kwa baba. Basi Chiriku akaitia kompyuta kwenye mkoba wake wa shule.

"Muulize fundi ni toleo gani linafaa kwa kazi ya picha na video," baba alimwambia. "Atakalosema yeye, hilo hilo. Mimi sijui mambo hayo."

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa makamo aliyechomeka bisibisi kwenye nywele kama kitana. Chumba chake kilikuwa chembamba, nyaya zikining'inia ukutani. Chiriku alimwamkia, akamweleza shida yake. Fundi aliigeuza kompyuta, akaifungua, akachungulia ndani.

"Kumbukumbu yake ni ndogo," alisema. "Kwa picha na video, mwekeeni baba toleo la Midia. Halina madoido, lakini ni jepesi, na lina vifaa vya kurekebisha rangi na kukata video. Litamwachia nafasi ya kufanya kazi."

"Na lile pale?" Chiriku aliuliza, akionyesha picha ya rangi nyingi iliyobandikwa ukutani.

"Hilo ni toleo la Burudani. Lina michezo, lina filamu, madirisha yake yanarukaruka kama samaki. Zuri sana, lakini kwa mashine hii ni kumtwika mtoto gunia la saruji. Itatembea, ila itatembea ikihema."

Chiriku alilitazama lile tangazo. Rafiki yake wa darasani, waliyemwita Miwani, alikuwa na toleo hilo hilo nyumbani kwao. Saa ya mapumziko mazungumzo yalikuwa ni mchezo wa mbio za magari tu: nani kamshinda nani, nani kapinduka. Chiriku, mwenye maneno yote yale, hapo alikuwa hana la kusema.

"Baba amesema niweke la Burudani," alijikuta akisema.

Fundi aliinua uso. "Ana hakika? Hili si la kazi."

"Ana hakika. Amesema mwenyewe."

"Haya. Mwenye mali ni yeye."

Nyumbani baba aliuliza, "Fundi kasemaje?"

"Kasema la Burudani ndilo linalofaa. Lina kila kitu."

"Basi vizuri," baba alijibu, akaipokea kompyuta kwa mkono wa kushoto. "Yeye ndiye anayejua."

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Baba alipojilaza mchana, Chiriku aliendesha magari, akaipita rekodi ya Miwani, na shuleni akawa na habari mpya za kutangaza. Alijiambia kwamba hakuna aliyeumia.

Kisha baba mdogo akaleta picha za mahafali ya chuo cha uuguzi. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza tangu baba augue. Alinyoa ndevu, akavaa shati la kola, akaketi mezani kama mtu aliyerudi ofisini.

Haikuchukua muda kabla ya mambo kwenda mrama. Baba alibofya ili kupunguza mwanga katika picha moja. Kompyuta ikaganda. Alisubiri, akabofya tena. Ghafla ikazinduka na kutekeleza amri zote mbili kwa pamoja, picha ikawa nyeusi tii. Alijaribu kurudisha, ikaganda tena. Alipobofya mara nyingine, folda nzima ya picha alizokwisha kuhariri ikafutika. Baba aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama kitu cha mgeni.

"Nimebofya mara ngapi?" alijiuliza kwa sauti ya chini. "Hivi nimebofya mara ngapi?"

Chiriku alikuwa mlangoni. Alijua. Akageuka, akaenda zake chumbani.

Siku zilizofuata zikawa vivyo hivyo. Baba alianza upya, kazi ikapotea, akaanza tena. Alihamia mkono wa kushoto, mambo yakawa yale yale. Jioni moja Chiriku alipomletea sponji, baba aliisukuma taratibu pembeni ya meza.

"Leo acha, mwanangu."

Kesho yake pia alisema acha. Keshokutwa Chiriku hakuileta tena, na baba hakuiulizia.

Jumamosi mchana Chiriku alikuwa jikoni akiosha vyombo. Ukuta ulikuwa mwembamba, akamsikia baba akizungumza na mama.

"Daktari aliniambia. Alisema baada ya kiharusi kichwa kinaweza kuchanganya mambo. Ninadhani nimebofya mara moja, kumbe nimebofya mara tatu. Sikumbuki, mke wangu. Naogopa."

"Labda umechoka tu," mama alisema.

"Sijachoka. Nimekwisha. Nimempigia simu mdogo wangu aje achukue kamera na hizi picha, atafute mtu mwingine. Sitaki kuwaharibia watu kumbukumbu za siku yao."

Sahani ilimteleza Chiriku mkononi, ikatumbukia ndani ya maji. Hakuwahi kumsikia baba yake akisema kwamba anaogopa, hata alipokuwa amelazwa hospitalini.

Baba mdogo alifika kabla vyombo havijakauka. Aliingia, akamsalimu kaka yake, akabaki amesimama. Kamera ilikuwa mezani ndani ya mfuko wake, na baba alikuwa akiufunga zipu kwa shida.

"Kaka, fikiria tena."

"Nimefikiria. Chukua."

Baba mdogo alinyoosha mkono. Ndipo Chiriku akatoka jikoni, mikono ikichuruzika maji.

"Baba, si wewe," alisema.

Wote waligeuka.

"Si mkono wako. Ni kompyuta. Fundi alisema tuweke toleo la Midia. Alisema hili ni zito, mashine haitaliweza. Mimi nilimdanganya kwamba wewe ndiye uliyelitaka. Halafu nikaja nikakudanganya na wewe kwamba yeye ndiye aliyesema." Machozi yalikuwa yakimshuka, lakini hakunyamaza. "Nilitaka mchezo wa magari."

Mama alikaa chini polepole. Baba aliutazama mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua.

"Kwa hiyo mkono huu haukukosea?" aliuliza.

"Haukukosea, baba. Nilikuwa nakuona. Ulibofya sawasawa."

"Ulikuwa unaniona," baba alirudia. Kisha akageuza uso wake dirishani, mabega yakitikisika. Chiriku angekuwa radhi apigwe kuliko kuyaona mabega yale.

Baba mdogo aliirudisha kamera mezani. "Picha zote halisi ninazo kwenye kadi," alisema. "Kilichopotea ni kazi tu. Kazi inarudiwa."

Siku hiyo hiyo mama alimchukua Chiriku hadi kwa fundi, akamwambia, "Sema mwenyewe." Chiriku akasema yote. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia.

"Na mimi nilipaswa kumpigia simu baba yako," alisema hatimaye. "Nilikuuliza mara moja, nikaridhika. Siku nyingine sitaridhika."

Aliliondoa toleo la Burudani na kuweka la Midia. Kompyuta iliporudi nyumbani, uso wake ulikuwa mtupu, bila madoido yoyote. Baba aliketi. Alifungua picha ya muuguzi kijana aliyekuwa akicheka huku kofia ikimwanguka, akabofya mara moja. Mwanga ukapungua, mara moja. Akabofya tena mahali pengine, kompyuta ikatii. Aliendelea hadi mama alipomkumbusha chakula.

Kwa wiki nzima baba hakuwa na maneno mengi na Chiriku. Alimjibu akiulizwa, basi. Kisha, kazi ya wauguzi ilipokamilika na kuchukuliwa, alimwita akae karibu naye.

"Ungeniambia unataka mchezo, tungezungumza," alisema. "Pengine ningekataa, ungenuna siku mbili, yakaisha. Hilo lilikuwa jambo dogo. Lakini neno lako nililipokea kama neno la fundi, nikaliamini. Mambo yalipoharibika, sikulitilia shaka neno lako hata kidogo. Nilijitilia shaka mimi mwenyewe. Nilijiona nimekuwa mtu asiyeweza kuhesabu vidole vyake. Unaelewa?"

"Naelewa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila nataka ujue uzito wa uongo huo, ili usije ukamtwika mtu mwingine. Anayekuamini hujenga juu ya ulichomwambia. Ukimdanganya, si kwamba umemficha jambo moja tu; umemharibia hata yale aliyokuwa anayajua kwa hakika. Mimi naweza kuishi na mkono dhaifu, mwanangu. Nisichoweza ni kuishi bila kujua lipi ni kweli. Ukiwa na la kusema, liwe tamu, liwe chungu, niambie lilivyo. Mengine tutayabeba pamoja."