Vipande vya Kuku hadi Venisi

"Fungua basi," Radim aliniambia. "Treni imeshaondoka."

"Ina dakika kumi tu tangu iondoke. Hatujafika hata Choceň."

"Choceň ni mbali. Kuna watu wamefungua tukiwa bado stesheni."

Alisema kweli. Behewa zima lilishanukia mafuta na kitunguu saumu. Kwetu Bohemia, nchini Cheki, mtu anaweza kusahau pasi yake ya kusafiria, lakini vipande hasahau. Nyama inagongwagongwa mpaka inakuwa nyembamba, inachovywa kwenye unga, yai na chenga za mkate, inakaangwa, na hapo ndipo safari inaitwa safari. Radim alikuwa amevibeba kwenye kopo la plastiki lililowahi kuwa la aiskrimu. Alisema ni vya mama yake.

Naitwa Blanka. Nina miaka thelathini na tisa na natengeneza miwani Pardubice. Radim ni dereva wa treni. Tulikuwa pamoja mwaka mmoja na nusu, na safari hii ya Vienna, Ljubljana na Venisi ndiyo ilikuwa ya kusherehekea uchumba wetu. Aliniambia alishaachana na mkewe, Ilona, miaka mitatu iliyopita. Sasa anaishi Chrudim, ghorofa ya juu ya nyumba ya mama yake, na siku za zamu analala bweni la madereva. Nilimwamini. Watu wa reli hulala popote.

Tukirudi, nami ningehamia ghorofa hiyo ya juu. Fleti yangu nilishaitolea notisi, baada ya miaka kumi na moja. Ilibaki neno moja tu, nalo mwenye nyumba wangu, Bi Jarmila, alilitaka kabla ya saa sita mchana Ijumaa: naondoka kweli au siondoki. Alikuwa na mtu mwingine anayesubiri.

Nikang'ata kipande.

"Radim, hiki ni kuku."

"Ehe."

"Mama yako hapiki kuku. Krismasi aliniambia kuku ni mboga yenye mbawa."

"Watu hubadilika, Blanka."

"Mama yako?"

"Kula, mpenzi. Kitapoa."

Kilikuwa kimeshapoa tangu asubuhi, lakini kilikuwa kitamu, hilo sikatai. Nilikula viwili.

Vienna tulizunguka kanisa kuu mpaka miguu ikawaka. Jioni tulikaa kwenye benchi, Radim akavua viatu akawa anakanda vidole. Mimi nikaona ni adabu kumshukuru mama mkwe mtarajiwa. Nikamwandikia: *Mama, ahsante kwa vipande. Vilikuwa vizuri sana.*

Jibu lilikuja baada ya saa nzima.

*Karibu mwanangu. Nilichagua nguruwe mzuri kabisa, sehemu ya mgongo. Msalimie Radim. Mama Květa.*

Nililisoma mara tatu. Mpishi asiyejua alichopika sijawahi kumwona.

"Mama yuko wapi wiki hii?" niliuliza.

"Kwenye kibanda chake chenye bustani, kule msituni. Anapalilia."

"Wiki nzima?"

"Mama akitaka kupalilia, nani atamzuia?"

Ule ujumbe sikumwonyesha. Nilijua akiuona ataandaa jibu, na majibu ya Radim yakiandaliwa huwa mazuri sana. Nilitaka kwanza nielewe mwenyewe. Usiku ule alilala kama mtoto, mimi nikahesabu taa za jengo la mbele.

Ljubljana mvua ilinyesha siku nzima. Tulipanda kilima tukaiona ngome, tukashuka tumelowa. Hotelini nilimkuta bafuni anaosha lile kopo kwa shampuu. Alilisuuza mara mbili, akalikausha kwa taulo, hadi kwenye mikunjo ya mfuniko.

"Unaliosha tena? Si uliliosha Vienna?"

"Lilibaki na harufu."

Nikalichukua mkononi. Chini yake palikuwa na plasta nyeupe, imeandikwa kwa kalamu nene: *Ilona – jikoni*. Nilijua Ilona anapika kwenye jiko la shule, Přelouč. Huko kila mtu huandika kopo lake, la sivyo linapotea.

"Radim, hili kopo ni la Ilona."

"La zamani hilo. Makopo huzunguka, si unajua mwenyewe."

"Plasta ni mpya."

"Plasta za siku hizi ni imara."

"Basi tulitupe. Linakaa mahali pa viatu vyangu."

"Kopo la mtu halitupwi, Blanka."

"La mtu yupi?"

"La mama. Nimekwambia lilibaki kwa mama."

Nikaacha. Niwaambie ukweli, nilitaka sana liwe limebaki kwa mama. Mtu aliyeshatoa notisi ya nyumba huwa anatafuta sababu za kuamini, na mimi nilizitafuta kwa tochi. Nikajiambia mama Květa ni mzee, labda amechanganya kuku na nguruwe. Nikajiambia wanaume hawatupi vitu.

Alhamisi usiku tukafika Venisi. Ijumaa asubuhi niliamka nikakuta ujumbe wa Bi Jarmila: *Blanka, leo saa sita. Yule kijana yuko tayari kulipa mwezi wa kwanza. Nisubiri au nisisubiri?*

Nikamjibu: *Nitakupigia.*

Radim alikuwa ameshatoka. Alirudi na mfuko wa biskuti ndefu za lozi, akakaa kitandani akazipanga ndani ya kopo moja moja, kichwa kwa mguu, ili zisivunjike.

"Za nani hizo?"

"Kopo halirudi tupu," alisema. "Ukipewa chombo na chakula, unarudisha na kitu."

Hapo alisema kweli tupu. Sidhani kama alisema kweli nyingine safari nzima.

Saa tano na robo tulikuwa ukingoni mwa mfereji. Radim akanipa koti lake nilishike, akaenda kupanga foleni ya tiketi za boti. Nikakaa kwenye ngazi na lile kopo mapajani, kwa sababu hakutaka kuliacha hotelini. Simu ikalia ndani ya koti. Kwenye kioo iliandikwa *Bweni*.

Nikadhani ni kazini. Nikapokea.

"Halo?"

"Mama, heri ya siku ya jina lako," ilisema sauti ya mwanamke. "Nakupigia kwako tangu asubuhi, umezima. Nikasema ngoja nipige kwa Radim, lazima mko pamoja."

Ndipo nilipokumbuka. Tarehe ishirini Juni. Kwetu kila siku ya kalenda ina jina lake, na siku ya leo ni ya kina Květa wote. Mtu unaweza kumsahaulia siku ya kuzaliwa akakusamehe, siku ya jina hapana. Radim alikuwa ameisahau ya mama yake, na mimi pia.

"Mama, unanisikia? Kuna kelele."

"Ni boti," nilisema.

"Nasikia. Venisi hiyo. Vile vipande vya kuku vilikufaa? Najua unataka nguruwe, lakini daktari alisema nini kuhusu nyongo yako? Usinikasirikie."

Niliutazama mgongo wa Radim kwenye foleni. Walikuwa watu wanane mbele yake. Ningeweza kusema ahsante mwanangu, nikakata, nikapanda boti, na Jumatatu nikahamia Chrudim. Nakiri nililifikiria hilo. Lilinichukua kama pumzi mbili.

"Mimi si mama," nilisema. "Naitwa Blanka. Vipande vilikuwa vitamu sana. Ahsante."

Nikasikia masufuria upande wa pili.

"Blanka yupi?"

"Wa Pardubice. Mchumba wa Radim. Nadhani wewe ni Ilona."

"Mchumba," alisema. "Mimi ni mke wake."

"Aliniambia mmeachana. Miaka mitatu sasa."

"Tumeachana lini? Jumapili nilimkunjia soksi nyumbani, mezani. Za kijivu, zina mstari. Amezivaa?"

"Amezivaa leo."

"Aliniambia anampeleka mama yake Venisi. Kwamba mama amezeeka, aione kabla hajafa. Nikalia, ujue. Nikasema kumbe nimeolewa na mwanaume mwenye moyo. Sasa mama yuko wapi?"

"Kibandani, msituni. Anapalilia."

"Siku tano?"

"Nafikiri amejificha, usije ukamwona Chrudim."

"Na nyongo yake ile," alisema Ilona. "Na hapo atakuwa anakula nguruwe."

"Nguruwe, ndiyo. Sehemu ya mgongo."

Hakucheka, wala mimi. Akaniuliza nilikuwa na Radim tangu lini, nikamwambia. Akauliza huwa ananiambia analala wapi asipokuwa kwangu, nami nikamweleza kuhusu bweni la madereva.

"Mimi pia huniambia analala bwenini," alisema. "Hilo bweni lina kitanda kweli?"

"Bweni ni wewe, dada. Ndivyo alivyokuandika kwenye simu."

Nikasikia mtu akimwita, akajibu kwamba mchuzi uzimwe. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa hujui."

"Sikujua."

"Haya. Nina watoto mia mbili wanasubiri chakula." Akakata.

Iliniuma. Nitasema wazi, maana wengine mnapenda kujifanya haiumi. Nilimpenda yule mwanaume, na nilishachagua hadi rangi ya pazia za ghorofa ya juu. Nikaangalia saa: sita kasoro dakika ishirini. Nikampigia Bi Jarmila.

"Bi Jarmila, siondoki."

"Kweli? Na yule bwana wa reli?"

"Ana mke."

"Wanakuwaga nao," alisema Bi Jarmila. "Basi nichane notisi?"

"Ichane."

Nikasikia karatasi ikichanika. Ni mtu wa vitendo yule mama.

Radim alirudi na tiketi mbili, ameridhika. Akaona simu yake mkononi mwangu.

"Nani kapiga?"

"Bweni."

Akakaa ngazi moja chini yangu.

"Umepokea?"

"Nilidhani ni kazini. Amempigia mama yako kumtakia heri ya siku ya jina. Wewe umesahau."

"Leo ni ishirini," alisema polepole.

"Ishirini."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kuku alikuwa mzuri."

"Blanka, sikiliza. Ningemwambia. Nilipanga nimwambie baada ya kiangazi."

"Na mimi ungeniambia lini?"

"Wewe ungekuwa umeshahamia. Ungeelewa."

"Ningeelewa kwa sababu nisingekuwa na pa kwenda."

Chini yetu boti ikaja, watu wakashuka, wengine wakapanda.

"Mama yako mwenyewe umemficha msituni kama jongoo," nilisema. "Mama wa watu ana nyongo."

"Alikubali. Anakupenda."

"Alikubali kwa sababu wewe ndiye mtoto wake pekee."

"Nakupenda, Blanka. Naapa kwa chochote unachotaka."

"Usiape. Najua unanipenda. Na yeye unampenda. Umelikausha kopo lake kwa taulo miji mitatu."

Alifunika uso kwa tiketi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Radim ilikuwa ya reli, ikafika mpaka Venisi, lakini mwisho wa reli ni mwisho.

Nilimrudishia koti na simu. Kopo nilibaki nalo.

"Hilo unalipeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe. Plasta inasema."

Nilichukua sanduku langu hotelini na kukata tiketi ya treni ya jioni. Njiani mama Květa aliniandikia: *Mwanangu, nisamehe. Yeye ni mtoto wangu.* Nikamjibu: *Heri ya siku ya jina, mama. Rudi nyumbani, na uache nguruwe.*

Jumatatu baada ya kazi nilishuka Přelouč, nikaenda mlango wa nyuma wa jiko la shule. Mwanamke mwenye kofia nyeupe na mikono miekundu alikuwa anamwaga maji ya viazi. Akaliona kopo kabla ya kuniona mimi.

"Wewe ndiye Blanka."

"Ndiyo mimi. Nimekuletea kopo lako."

Akalifungua. "Hizi nini?"

"Biskuti za Venisi. Alizinunua yeye, kwa ajili yako. Nimekula mbili. Ni kavu."

Akaonja moja, akatafuna kwa muda.

"Kavu kweli," alisema. "Yuko wapi sasa?"

"Hakukwambia? Mimi nilidhani yuko kwako."

"Jumamosi nilimwekea mabegi nje. Alisema anaenda kwa mama yake."

"Ghorofa ya juu," nilisema. "Ndiko alikoniambia anaishi."

"Ghorofa ya juu." Akafuta mikono kwenye aproni. "Basi walau hilo sasa ni kweli."

Tulisimama pale. Niliona kwamba alikuwa amelia, na siku hiyo hiyo alikuwa amepika chakula cha watoto mia mbili.

"Na wewe unaishi wapi?" aliniuliza.

"Kwangu," nilisema.

Akatikisa kichwa kukubali, akaingia ndani na kopo. Nilifikiri ndiyo tumeagana, nikaanza kuondoka.

"Ngoja wewe," aliita. Akarudi nalo limefunikwa, la moto, mfuniko umetoka jasho.

"Biskuti nimezitoa. Kopo halirudi tupu."

"Dada, hili ni lako."

"Utalileta."

"Ni kuku?"

"Nguruwe," alisema Ilona. "Wewe huna nyongo."

Kutoka Přelouč mpaka Pardubice ni dakika kumi kwa treni. Behewa zima lilinigeukia kwa ile harufu, na mzee mmoja akaniuliza nasafiri kwenda wapi. Nikamwambia narudi nyumbani. Sikufungua mpaka nilipoingia ndani nikavua viatu.