Mbuzi ya Nazi Juu ya Paa

Miguu mitatu ya chuma ilisimama juu ya paa kama ilivyoachwa. Darubini yenyewe haikuwepo.

Inspekta Eufrazia aliizunguka polepole, mikono nyuma, bila kugusa kitu. Chini yake maji ya Mbegani yalikuwa yamekupwa, na ndege walitapakaa topeni hadi mbali. Wageni wa Dar walikuja wikiendi hiyo ya Septemba kwa ajili yao tu, ndege wanaokimbia baridi ya kaskazini. Eufrazia, mzaliwa wa Songea, hakujua kama watu wazima husafiri kwenda kumtazama ndege wasiyekusudia kumla.

"Mwizi ni huyu," alisema Bwana Raymundi, mwalimu mstaafu, kiongozi wa wageni na mwenye darubini. Alimnyooshea kidole Adrian, kijana wa Kerege aliyekuwa akiwaongoza. "Ufunguo wa paa anao yeye. Mpeleke kituoni, afande."

"Ulifunga mlango?" Eufrazia alimuuliza Adrian.

"Nilifunga, afande. Tuliposhuka kunywa chai."

"Kuna ufunguo mwingine?"

"Anao mwenye nyumba, Bi Mayasa."

Raymundi alicheka. "Mama wa watu anaozesha binti Ijumaa. Darubini ataipeleka wapi?"

Adrian hakucheka. Askari aliyekuja na Eufrazia alikwishasimama ubavuni pake, na nani atampa wageni mwongozaji mwenye kesi ya wizi?

Eufrazia aliinama. Nyuma ya ile miguu palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, chembe mbichi bado zimeganda kwenye meno yake.

"Hii nayo ni ya kutazamia ndege?"

Wote wawili walishangaa.

"Bwana Raymundi, darubini uliifunga kwa kimo chako?"

"Changu na cha Adrian. Sote warefu."

"Basi aliyeichukua ni mfupi. Alipanda juu ya mbuzi, akachungulia kwanza. Mwizi wa kuuza angeng'oa akaenda zake. Mliielekeza wapi?"

Raymundi alionyesha. Kule wanawake walikuwa wakikokota vitambaa kukamata uduvi, kanga wamezipandisha, na ndege aina ya sululu, wenye midomo mirefu, wakiwafuata nyuma. "Wakivuruga tope, wadudu hutoka. Ndege wanajua. Mimi nabandika simu kwenye darubini, napiga picha."

"Za wanawake?"

"Za ndege, afande," alisema Raymundi, amekereka.

Eufrazia aliteremka jikoni. Bi Mayasa alikaa mbele ya nazi zilizovunjwa, hata moja haijakunwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbuzi yako iko juu ya paa."

Bi Mayasa alitazama nazi zake.

"Naomba nimwone bibi harusi."

"Mwali haonwi mpaka Ijumaa."

"Haonwi na wanaume. Mimi mwanamke mwenzenu."

Chumba alichoingizwa na Bi Mayasa kilinukia udi. Ibtihal, bibi harusi, aliketi kitandani, hina imekolea miguuni, na kwenye kucha kumebaki tope kavu. Eufrazia alilitazama lile tope, kisha sanduku la harusi.

"Adrian anapandishwa gari sasa hivi, mama. Naye ana mzazi."

Bi Mayasa alifungua sanduku mwenyewe. Darubini ilikuwa imeviringishwa ndani ya kanga mpya.

"Nilisema nami niwaone hao ndege wanaowatoa watu Dar," alisema. "Sikufikia, nikaleta mbuzi. Nikamwona mwanangu. Mwali wangu, aliyefungiwa ndani, yuko topeni, kanga mapajani, anacheka. Karibu hivi, ningeweza kumpangusa uso. Nikajua yule mwalimu keshampiga picha. Wakwe wako Maskati. Wakiiona, ndoa hakuna. Nikadhani picha zimo humo ndani, nikaibeba."

"Nilitaka kutanda uduvi na wenzangu mara moja tu," Ibtihal alisema huku analia. "Kule nikienda, nitarudi lini?"

Raymundi alipoelezwa, alifungua simu na uso ukamshuka. Katika kila picha ndege alikuwa mbele. Nyuma yake, kwa ukungu, msichana alicheka. Raymundi alizifuta zote. Kwenye moja alikawia, sululu wa aina aliyoitafuta miaka mingi. Akaifuta nayo.

"Nisamehe, Adrian," alisema. "Afande, sina malalamiko."

Adrian aliitikia kwa kichwa tu. Alirudisha darubini juu ya miguu yake, akaifupisha mpaka kimo cha Bi Mayasa.

Bi Mayasa alipanda paani, akaweka jicho. "Wametoka wapi hawa?"

"Urusi huko, mama," Raymundi alijibu. "Wengi ni makinda ya mwaka huu. Wazazi hutangulia, wao hufuata peke yao."

"Bila wa kuwaonyesha njia?"

"Bila."

"Na wanafika?"

"Si unawaona."

Bi Mayasa alitazama kwa muda mrefu. Kisha aligeukia ngazi.

"Ibtihal," aliita. "Vaa baibui, upande huku juu. Paani si nje."