Uzembe Rasmi

Ulimwona. Usituletee habari za jua machoni. Ulikuwa hatua tatu nyuma yake kwenye lango la feri asubuhi ile, mwanamke wa ovaroli ya kijani, akibandua karatasi ukutani kwa kucha mpaka kucha zikavunjika. Ukageuza uso. Wote mliokuwa kwenye foleni mligeuza uso, kana kwamba ukuta wa pili ulikuwa na picha nzuri zaidi. Basi kaa usikie alichokuwa anabandua.

Yalianzia palepale, mwaka mmoja kabla. Foleni ya magari ilikuwa imeganda kwa sababu ya skuta moja ya rangi ya maziwa iliyogoma kuwaka katikati ya njia ya kupandia feri. Nyuma yake honi. Mbele yake mfunga kamba wa feri akipunga mikono na kutukana kwa adabu. Juu yake kijana aliyepigwa pasi kuanzia kola hadi soksi, tai ya buluu shingoni, akikanyaga kiki kama anaua nyoka.

"Ukizidi kuipiga teke itakushtaki," ilisema sauti.

Aligeuka. Ovaroli ya kijani, mikono imekunjwa hadi viwikoni, alama ya grisi shavuni, spana mfuko wa nyuma. Alikuwa amekuja kupokea vipuri.

"Dada, wewe ni fundi au umekuja kunicheka?"

"Vyote viwili. Shuka."

Akachomoa plagi, akaipuliza, akaisugua kwenye paja la ovaroli, akairudisha. Skuta ikakohoa mara mbili, ikawaka. Madereva wakapiga makofi.

"Nikushukuruje, Fundi?"

"Vua hiyo tai, Bwana Tai. Inanikaba mimi ninayeiangalia."

Hakuivua, lakini majina yaliwaganda: Fundi na Tai. Yeye Tai alikuwa mtunga matangazo katika ofisi ya safari, ghorofa ya pili, dirisha linalotazama lango la feri. Fundi alikuwa na gereji ya skuta nyuma ya soko, vyombo alivyoachiwa na baba yake vikiwa vimetundikwa ukutani kwa mpangilio uleule wa marehemu. Kufikia mwezi wa tatu, Tai alikuwa akija kila mchana, anatandaza leso juu ya tairi kuukuu, anakaa kama balozi.

"Suruali yako itakufa kwa ajili yangu," Fundi alimtania.

"Acha ife. Mimi nilishakufa siku ile ya plagi."

Na hapo, kwenye meza ya gereji, wakaanza kupanga safari yao. Fundi hakuwa amefunga gereji hata siku moja kwa miaka minne. Alitaka siku tano: skuta moja, watu wawili, feri ya asubuhi, visiwa vitatu vya jirani ambavyo hakuna mtu anayevikimbilia. Alichora ramani nyuma ya karatasi ya kalenda. Hapa kuna kivuli cha kulala mchana. Hapa barabara inaisha yenyewe, unakaa tu unatazama maji.

"Tunaamka saa ngapi?" Tai aliuliza, kalamu mkononi.

"Hatuamki. Njaa ndiyo itatuamsha."

"Mwendo?"

"Arobaini. Ukigusa arobaini na moja nashuka, natembea."

"Mama, hiyo si safari, huo ni uzembe."

"Uzembe rasmi," alisema Fundi, akakandamiza kidole gumba chenye grisi kwenye kona ya ramani. "Na muhuri huo hapo."

Walicheka mpaka majirani wakachungulia. Tangu hapo neno likawa lao. Simu ikilia mchana: "Hujambo, Mzembe Mkuu?" "Sijambo, Katibu wa Wazembe. Umekula?" Hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua.

Kisiwa cha tatu aliishi shangazi yake Fundi, aliyemlea. Nyumba ya vyumba viwili. Kimoja chake. Kingine kilikuwa na vitu vya mumewe: mashati, viatu, kofia juu ya msumari, kama vile mwenyewe ametoka kidogo. Tangu mazishi, shangazi hakulaza mgeni humo.

"Mimi atanifungulia," Fundi alimwambia Tai, kwa sauti ndogo. "Akisikia jina langu tu. Lakini nitamwomba mwenyewe, polepole. Usimwambie mtu habari za nyumba ile."

"Laazizi, mimi ni kaburi."

Wiki mbili kabla ya safari, asubuhi, Fundi alikwenda kuandikisha nafasi ya skuta. Mfunga kamba akamlaki kwa kelele. "Fundi! Kumbe na wewe umo kwenye lile kundi la skuta ishirini? Kamba zangu zitatosha kweli?"

"Kundi gani?"

Mfunga kamba akaonyesha ukuta kwa kidevu.

Karatasi kubwa, inang'aa. Mwanamume na mwanamke wanaocheka juu ya skuta. Herufi nene: UZEMBE RASMI. Chini yake: visiwa vitatu, mwendo arobaini, hakuna saa ya kuamka. Na mstari wa mwisho: Lala nyumbani kwa Shangazi.

Akampigia shangazi simu palepale.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wako wanafika lini? Nimeambiwa ishirini, wengine watalala uani kwenye mahema."

"Wageni wangu?"

"Si yule kijana wa tai? Alikuja, akapima chumba kwa futi. Akasema umemtuma wewe. Nikasema kama ni mwanangu ndiye aliyesema, basi. Nguo za mjomba wako nimezigawa. Kila kitu. Sikukasirika, usidhani. Nilishangaa tu kwamba hukuniambia kwa mdomo wako."

Hapo ndipo alipoanza kubandua. Hapo ndipo ulipogeuza uso.

Tai alimwona kutoka dirishani. Akashuka mbio, tai inapepea begani, kijisanduku kidogo mkononi.

"Mpenzi, sikiliza. Nilitaka kukushangaza. Ofisi imelipenda wazo, nimepandishwa cheo. Ni kwa ajili yetu! Pete hii nilikuwa nikuvishe kulekule kisiwani."

"Ulimwambia shangazi nimekutuma?"

"Ni namna ya kusema tu..."

"Ulimwambia nimekutuma?"

"Ndiyo. Asingefungua."

Fundi alicheka, kicheko kisicho na meno. "Nilikuita Tai kwa sababu ya kitambaa cha shingoni. Kumbe ni yule mwenye mabawa, anayezunguka juu mpaka uzubae." Akamnyooshea simu. "Mpigie. Sasa. Mwambie hukutumwa na mtu. Sema: 'Nilidanganya.' Ukisema hivyo, hicho kijisanduku nitakifungua mwenyewe."

Tai aliishika simu. Kidole kilikuwa juu ya jina la shangazi. Akainua macho kwenye ghorofa ya pili, ambako mkubwa wake alikuwa amesimama dirishani na kikombe.

"Nitampigia jioni," alisema. "Nikitulia."

"Utulivu wako ndio uliomnyang'anya shangazi chumba chake."

Akachukua simu yake. Akakata tiketi ya mtu mmoja, ya kwenda leo, bila mkoba, ovaroli yake ileile. Kijisanduku hakukitazama. Mfunga kamba alimpisha. Alikwenda kumwambia shangazi kwa mdomo wake kwamba hakumtuma mtu, ingawa viatu vya mjomba tayari vilikuwa miguuni mwa watu wengine, na hakujua kama angeaminiwa. Tai alibaki langoni akiita "Fundi! Fundi!" mpaka injini ikamzidi sauti.

Na wewe unayesoma, uko mlango uliofunguliwa kwa jina la mtu anayekupenda, naye hajui. Unaujua ni upi. Usimwandikie ujumbe, usimnunulie zawadi, usingoje jioni. Mpigie sasa hivi, akipokea usimsalimie sana, sema lile neno lililomshinda Tai: nilidanganya. Halafu nenda kwa aliyefungua mlango, uugonge tena, useme hivyohivyo na huko. Ondoka. Piga.