Diski Mpya ya Dada

Kila siku akitoka shule, Kidole alivua viatu mlangoni, akala chakula alichofunikiwa mezani, kisha akafua soksi zake. Jina la Kidole alipewa na mama, kwa sababu mikono yake haikujua kutulia. Alishafungua redio, saa ya ukutani na hata pasi, na kila alipomaliza kufunga, skrubu moja ilibaki mkononi haijulikani ilikotoka.

Alhamisi hiyo soksi hazikufuliwa. Juu ya meza ya dada yake, karibu na kompyuta, palikuwa na kiboksi chenye diski mpya. Dada alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ukunga. Diski ya zamani ilikuwa imejaa pomoni, na ndani yake mlikuwa na ripoti aliyoiandika kwa miezi minane, kuhusu akina mama arobaini aliowahudumia. Ilitakiwa chuoni Jumatatu.

"Hiyo usiiguse," dada alikuwa amemwambia asubuhi. "Fundi atakuja kuifunga Jumamosi."

Lakini Kidole alishamwona fundi akifanya kazi hiyo. Aliona ni jambo dogo tu, na dada angefurahi. Akafungua ubavu wa kompyuta, akachomoa waya kwenye diski ya zamani, akauchomeka kwenye mpya. Akawasha. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe ukasema kwamba hakuna mfumo wa kuwashia.

Haraka haraka akaitoa diski mpya, akaurudisha waya kwenye ile ya zamani. Uligoma kuingia. Akausukuma kwa nguvu mpaka ukaingia. Akawasha tena. Maandishi yale yale. Alijaribu mara tano, jasho likimtoka. Aliposikia geti likilia, alifunga ubavu wa kompyuta, akairudisha diski mpya kwenye kiboksi chake, akakimbilia kufua soksi.

Dada aliwasha kompyuta jioni ile. Hakupiga kelele. Alimwita mama kwa sauti ndogo, kama mtu aliyejikata.

Siku ya pili wote watatu waliipeleka kwa fundi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta nyuma ya posta. Akaifungua, akachungulia kwa tochi, akaiwasha mara moja tu.

"Diski haionekani kabisa," alisema. "Kuna mtu ameifungua hii?"

"Hakuna," alijibu mama. Fundi akamtazama Kidole.

"Hakuna," Kidole akasema.

Fundi akazima. "Basi imekufa yenyewe. Na diski inayokufa, ukizidi kuiwasha unaimaliza. Mimi siigusi tena. Wapo wanaookoa kazi iliyomo, lakini ni mwezi mzima, na hawaahidi. Huna nakala mahali pengine?"

"Ndiyo maana nilinunua mpya," dada alisema. "Nilitaka kunakili."

Wakaibeba kompyuta, wakarudi. Nyumbani, mama alipouliza kilichoiharibu, dada alisema huenda ni chai aliyoimwaga mezani Jumatano. Mama akafoka: chai na kompyuta wapi na wapi? Dada alikubali kila neno, kichwa chini. Kidole alisimama nyuma ya pazia, akisikiliza.

Jumamosi dada alitandaza madaftari yake ya wodini sakafuni, akaanza kuandika upya kwa mkono. Adhuhuri ilipofika alikuwa amemaliza akina mama wawili. Daftari moja lilikuwa limelowa maji zamani, wino umeenea, hausomeki. Aliligeuza huku na huku, akalifunga. Kisha akachukua karatasi safi, akaanza barua ya kuomba kurudia mwaka.

"Unaandika nini, dada?"

"Niache, mdogo wangu. Ni uzembe wangu mwenyewe."

Neno hilo Kidole hakuliweza. Akapiga magoti kati ya madaftari. "Si wewe. Si chai. Ni mimi niliyeifungua. Alhamisi."

Dada alimtazama. Hakumpiga, hakumtukana. Aliinuka, akavaa viatu. "Mama!" akaita. "Tuibebe kompyuta, twende kwa fundi kabla hajafunga."

Fundi alimsikiliza Kidole mpaka mwisho, akamuuliza alichomoa waya upi, akaurudisha vipi. Kidole akamwonyesha. Fundi akauchomoa, akaumulika. Ndani ya mdomo wa waya, plastiki ilikuwa imepasuka.

"Uliuingiza kichwa chini miguu juu," alisema. Akatafuta waya mwingine kwenye droo, akauchomeka taratibu mpaka ukalia *ta*. Akawasha. Walisubiri. Kioo kilikuwa cheusi, cheusi, kisha kikaangaza, na majalada ya dada yakajipanga yote. Dada akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Fundi alinakili ripoti kwanza, ndipo akamgeukia Kidole. "Kuharibu waya ni kosa dogo. Mimi nimeharibu mia. Lakini jana nilikuuliza, ukasema hakuna. Neno lako moja likanifanya nitibu ugonjwa usiokuwepo, na dada yako akabeba lawama isiyo yake. Ukikosea sema palepale, wakati bado inatengenezeka."

"Umesikia?" mama akauliza.

"Nimesikia, mama." Akamgeukia dada. "Nisamehe."

Dada alijifuta macho. "Bado nina hasira nawe," alisema, "na zitakaa siku kadhaa." Kisha akampa upande mmoja wa kompyuta aushike. "Polepole. Tunabeba akina mama arobaini."