Mtandao Uitwao Kaluki

Kompyuta ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa, Ken, mwanawe mdogo, alikuwa amelala usingizi wa mchana, na simu ya Kalekye ilikuwa ya vibonyezo, isiyojua lolote kuhusu intaneti. Hata hivyo taa ya kijani ya kile kisanduku cha intaneti cha ukutani ilipepesa mfululizo, kama inavyopepesa mtu anapokitumia. Mtu mwingine angeshtuka. Kalekye aliitazama, kisha akaendelea kukunja soksi.

Tangu Februari alikuwa hivyo. Alijifungua mtoto wa kike, akakaa naye hospitalini siku tatu, akarudi Riruta mikono mitupu. Hakulia mazikoni wala nyumbani, na watu wa kanisa wakamsifu kwa imani. Wangejua! Haikuwa imani hata kidogo, ni ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa vibaya. Ofisi yake ya mjini, iliyochapa ripoti za madaktari, ilimwonea huruma ikamruhusu afanyie kazi nyumbani. Ndipo mumewe Ngui, msimamizi wa kitalu cha maua kule Karen, alipoleta kisanduku cha kurusha intaneti hewani, akakipigilia ukutani, akaenda zake kazini na kumwachia mkewe kijitabu cha maelezo.

Kalekye alikiwasha, kikawaka, akadhani yamekwisha. Wiki nzima majirani wakala intaneti ya bure, mpaka Caren, mkubwa wake kazini, alipopiga simu.

"Kalekye, umeweka password kwa hiyo kitu?"

"Bado. Si inakuja nayo?"

"Woi! Hizo ni file za wagonjwa. Ifunge leo leo. Na ubadilishe jina, usiache ile ya kiwanda. Weka jina huwezi sahau."

Basi akafuata kijitabu hatua kwa hatua. Ukurasa ulimwuliza neno la siri, akaandika. Ukamwuliza jina la mtandao. Vidole vyake, bila kumwomba ruhusa, vikaandika Kaluki, jina ambalo mtoto angepewa kama angeifikia siku ya nne. Akabonyeza. Taa zikazimika, zikawaka upya, na jina likapita kuta likaonekana kwenye kila kompyuta ya wapangaji wa ploti ile.

"Niaje, mama Ken," Mungai wa mlango wa pili alimtania wakianika nguo. "Huyu Kaluki ni nani anatunyima net?"

"Ni jina tu," alijibu Kalekye.

Taa ilianza kupepesa yenyewe siku iliyofuata. Kijitabu kilisema kuna ukurasa unaoonyesha vifaa vyote vilivyoingia mtandaoni. Akaufungua. Vilikuwa viwili: kompyuta yake, na kingine kisicho na jina. Akamshuku Mungai, akabadilisha neno la siri. Kesho yake kifaa kilikuwa palepale. Akabadilisha tena, asimwambie hata Ngui, na kile kifaa kikarudi kabla hajaondoa mkono kwenye kibodi.

Kisha ikaja harufu, poda ya mtoto na maziwa yaliyochacha, na chini yake udongo mbichi. Ilikuja saa nane mchana, jua likiwa kali uani na redio za majirani zikilia. Chini ya kisanduku, mahali pasipokuwa na kitu ila ukuta, kitu kilinyonya taratibu, kikapumua, kikanyonya. Kalekye alisikiliza mpaka mwisho. Aliposimama blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yamerudi, miezi minne baada ya kukauka.

Hakuogopa, mpaka alipomtazama Ken. Mvulana wa miaka minne aliyekuwa akigombania ukoko wa ugali sasa aliisukuma sahani. Mikono ilimkonda. Kitandani alilala ukingoni kabisa, mgongo ukigusa ukuta, kama anayemwachia mwenzake nafasi.

"Sogea katikati, usijibane ukutani," mama yake alimwambia.

"Hapo ni pa mtoto," Ken alinong'ona. "Anasema mimi nimekaa vya kutosha. Anasema sasa ni zamu yake."

Hofu ikapenya ile ganzi, ndogo lakini kali. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu.

Zahanati haikuona ugonjwa. Ngui akampigia simu mama yake, Nzembi, naye akafika kutoka Machakos na Biblia kwenye kikapu. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi puani mara moja, asiingie.

"Nani amemwita?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu, mwaitu," Kalekye alimjibu mama mkwe. "Ni mtandao tu. Niliupa jina la... la yule."

Nzembi alifumba macho. "Mwanangu, umefanya nini? Mtoto wa siku tatu bado ni wa aimu, ni wa roho wenyewe. Ndiyo maana tunangoja siku ya nne, baba amvalishe ushanga, ndipo awe mtu wetu. Yule alirudi kwao bila jina. Wewe umempa, na mwili hana. Sasa anatafuta mahali pa kulivaa."

"Nifanye nini?"

"Aliyelitoa ndiye alifute. Kwa mkono wako. Usilie."

Kulia kwenyewe Kalekye hakukumbuka kunafanywaje. Alifungua kompyuta, na Nzembi akaingia, akaanza kuomba kwa Kikamba, sauti ikipanda huku kunyonya kule ukutani kukienda mbio, na harufu ya udongo ikijaa mpaka kooni, na maziwa yakimtiririka mpaka kiunoni, na Kalekye akaifuta herufi moja, ikambidi apumzike, akafuta ya pili, na kila herufi ilimwuma kama anamzika tena, mpaka nafasi ya jina ikabaki tupu, akapiga namba na herufi za ovyo zisizo na maana kwa mtu yeyote, akabonyeza.

Taa zikazimika. Kunyonya kukakoma.

Kama kijitabu kilivyoeleza, kompyuta ilijitoa mtandaoni, sharti itafute jina jipya. Orodha ikafunguka: mtandao wa Mungai, mtandao wa mwenye ploti, na wa tatu, wenye nguvu kuliko yote, uliitwa Ken.

Kalekye hakuwa ameandika hivyo. Alielewa palepale: kilichoonja jina hakikubali tena kukaa bila.

"Imekwisha?" Nzembi alinong'ona.

Mlango wa chumba ulifunguka. Mvulana alitoka akishika ukuta, miguu ikitetemeka, kama anayeijaribu kwa mara ya kwanza.

"Mama. Njaa."

"Asifiwe Mungu!" Nzembi alilia kwa furaha, akamsogezea sahani. "Kula, Ken wangu."

Mtoto aliipita sahani bila kuitazama. Akapanda mapajani mwa Kalekye, mzito na baridi, akapeleka mkono kifuani pake. Kalekye alijua kwamba mwanawe hayumo tena ndani ya mwili ule. Alipaswa kupiga kelele. Lakini joto lilikuwa limemjaa mwili mzima, furaha tupu, kitu cha kwanza alichokihisi tangu Februari, na machozi yakamtoka huku akifungua vifungo.