Mimi Nilikuwa Koti

Kila Jumamosi asubuhi, kabla cherehani haijaanza kuunguruma, mama alikuwa akitandika kitambaa juu ya meza na kupiga mistari ya chaki kwa rula yake ya mbao. Binti yake wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyewaangalia wadogo zake pacha. Alipenda mno kuamrisha, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Msimamizi. Pacha walikuwa na miaka minne: Tufani, mvulana ambaye hakupita mahali pakabaki salama, na Mkia, msichana aliyemfuata Tufani hata chooni.

Jumamosi hii kitambaa kilikuwa cha kijani, kizito, cha koti la mama mmoja mfagizi wa barabara. Wafagizi walikuwa wameomba makoti kwa wakubwa wao kwa miaka sita. Miaka sita! Wakubwa walibadilisha viti vyao, wakabadilisha mapazia, makoti hayakuonekana. Mwishowe kila mfagizi akajinyima, akanunua kitambaa chake mwenyewe.

"Msimamizi, nafuata vifungo dukani," mama alisema. "Usibanduke hapa. Na kitambaa kisiguswe, nimeshakichora."

"Sawa, mama. Kwani mimi mtoto?"

Mama hajapinda kona, Msimamizi akawasikia wenzake wakiruka kamba nje. Akatoka aruke mara moja tu. Mara moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ishirini.

Aliporudi, alishika kichwa. Mkia alikuwa amelala chali juu ya kitambaa, mikono ameitanua. Tufani, ulimi nje kama fundi kweli, alikuwa akimzungushia chaki kuanzia kisigino hadi sikioni.

"Tulia! Wewe ni koti."

"Koti linawashwa pua," Mkia akajibu.

Msimamizi akawashusha, akachukua brashi, akakung'uta kitambaa haraka haraka. Michoro ya Tufani ikafutika. Na mistari ya mama ikaenda nayo! Akashika rula, akachora upya kwa kukumbuka: hapa bega, hapa kwapa, hapa ubavu. Ikapendeza, hata yeye mwenyewe akakaribia kuiamini.

Mama aliporudi, alishika mkasi. Msimamizi akajitia kupanga vifungo. Krap, krap, krap. Kisha mama akapima vipande, akapima tena.

"Mbona pamepungua vidole vitatu kila upande? Nani kagusa hapa?"

"Pacha hao, mama! Wamechezea chaki!"

"Mimi nilimchora Mkia tu," Tufani akajitetea.

"Mimi nilikuwa koti," Mkia akasema, midomo ikimtetemeka.

"Ukutani, wote wawili!"

Wakasimama ukutani wameshikana mikono. Tufani alimpangusa mwenzake machozi kwa kiganja kilichojaa chaki, uso wa Mkia ukawa mweupe michirizi michirizi. Msimamizi akageuka asiwaone.

Hapo mlango ukabishwa. Alikuwa yule mfagizi, amekuja kuulizia koti lake. Mama akamweleza. Mfagizi hakupiga kelele. Alikaa tu, akapapasa ukingo uliokatwa vibaya.

"Basi, fundi. Jumatatu nitafagia na gauni hili hili. Limekula vumbi miaka sita, litakula tena."

Msimamizi akamsogelea. "Shangazi, ni mimi. Pacha walichora, lakini mistari ya mama niliifuta mimi, nikapiga yangu. Nilikuwa nimekwenda kuruka kamba."

Mama aliweka mkasi chini. Kwanza alipiga magoti mbele ya pacha. "Nisameheni, wanangu. Nimewahukumu bila kuwasikiliza."

Mfagizi akamtazama Msimamizi. "Mwaka fulani mafagio hayakuonekana stoo. Kumbe mkubwa alisahau kuyaagiza. Sisi tukasimamishwa juani kutwa nzima, tunaitwa wezi, naye anatutazama dirishani. Mpaka leo naikumbuka sura yake. Wewe umesema, binti. Yeye hajasema hadi leo."

Mama alikusanya mabaki ya kitambaa, akakata vipande virefu vya kuongezea ubavuni. Msimamizi alivishikiza kwa sindano kimoja baada ya kingine, akajichoma vidole, hakulalamika. Alasiri mfagizi alivaa koti, akainua mikono kama aliyeshika fagio.

"Lina nafasi kuliko nilivyotaka!" akacheka.

Mama akamvuta binti yake karibu. "Kukosea si ajabu, mwanangu. Ila ukikosea, libebe kosa lako mwenyewe. Usimtwike asiyeweza kujitetea. Wakubwa wanatufanyia hivyo kila siku. Humu ndani hatutafanyiana."

"Na yeye asimame ukutani!" Tufani akadai.

Msimamizi akaenda bila kubisha. Hajatulia vizuri, kiganja kidogo chenye chaki kikamshika mkono wa kulia, kingine kikamshika wa kushoto.

"Tulia," Mkia akamnong'oneza. "Sasa wewe ndiye koti."