Baiskeli Iliyogoma Tingi

Jumamosi stendi ya Mbinga haipitiki. Wapiga debe wanagombea abiria, akina mama wa Mpepai wameshusha ndizi katikati ya njia, na manyunyu ya Juni hayana habari ya kukatika. Katika vurugu hiyo akatokea kijana mrefu, shati jeupe la kanisani limemganda mwilini, anaendesha baiskeli ya injini inayokohoa moshi wa bluu. Mbele ya kibanda cha mafundi ikazima kabisa.

"Kaka, unatufukizia mbu au?"

Aliyeuliza alivaa ovaroli ya bluu na buti za mpira, kilemba chekundu cha kitenge amekifunga kwa maringo.

"Namtafuta fundi Vitalia."

"Unamwangalia."

"Samahani, dada. Nilidhani..."

"Ulidhani ana ndevu. Lete hiyo baiskeli."

Vitalia alifungua plagi. Nyeusi tii, imelowa oili. Akaisugua, akaipima, moto upo. Akamwaga petroli yote ya kwenye tanki, akaweka nyingine ya kituo cha mafuta cha pale mjini, akachanganya oili kwa mkono wake. Injini ikaunguruma safi, hata wapiga debe wakashangilia.

"Sikia, kaka. Injini hii haina oili yake ndani, inakunywa iliyo kwenye petroli. Kila lita, vifuniko viwili vya oili. Ukisahau, umeiua."

"Siwezi kusahau neno lako," kijana akasema, na akaona haya papo hapo.

Aliitwa Zabron, fundi cherehani wa Mbamba Bay. Mama yake, Herieth, alikuwa amelazwa Mbinga kwa ugonjwa wa moyo, na yeye hupanda kumwona kila Jumamosi.

Basi ikawa ndiyo desturi. Baiskeli inapanda kutoka ziwani inakohoa, inateremka nzima kama mpya. Vitalia alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akafungua ekzosi na kuikwangua masizi. Wiki inayofuata, yale yale. Miezi mitatu! Ilimuuma, maana hakuna injini iliyowahi kumshinda. Lakini tuseme kweli, hakuichukia Jumamosi hata moja. Zabron alimletea dagaa wakavu aina ya usipa kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, naye Vitalia akaanza kumpelekea mama uji wodini siku za katikati ya wiki.

"Fundi mzima, baiskeli moja haiponi mkononi mwake," alitania Bonifasia, muuza chai wa jirani. "Au hataki ipone?"

"Ikipona atanijia tena huyu?" Vitalia akajibu, kicheko kikamtoka. Zabron naye alicheka. Hakuna aliyejua kwamba maneno yale yatakuja kuwa sumu.

Alhamisi moja saa nne asubuhi Vitalia alipiga simu kutoka wodini.

"Mpenzi, mama anakutaka. Leo hii."

"Hali yake vipi?"

"Njoo tu, Zabron."

"Basi limeshaondoka. Noah ipo, ila haijapata hata abiria wanne. Nisubiri?"

"Usisubiri, njoo na baiskeli. Iko sawa, Jumamosi nimeipima mwenyewe. Usisahau oili."

"Siwezi kusahau. Nakuja, mpenzi."

Hakufika mchana, hakufika alasiri. Simu yake haikupatikana. Mvua isiyo ya msimu ilipiga bati la wodi, na mgonjwa alikuwa akifumbua macho kila mara.

"Vitalia. Injini yake unaisikia?"

Vitalia hakusikia kitu ila mvua.

"Naisikia, mama. Iko pale stendi."

"Haya," akasema mama Herieth, akafumba macho. Saa kumi na moja akakata roho.

Zabron aliingia nusu saa baadaye, matope mpaka kiunoni. Injini ilikuwa imegoma kwenye mlima wa Tingi. Aliisukuma kwa muda wa saa tatu mpaka likapita lori la kahawa. Alimtazama mama yake, kisha akamgeukia Vitalia.

"Ulisema iko sawa."

"Zabron, pole mpenzi wangu..."

"Ulisema ikipona sitakujia. Ukawa unaiharibu kila wiki ili nirudi, siyo? Ona basi. Umefurahi?"

Jamani! Miezi mitatu Vitalia hakuujua ugonjwa ule wa injini, angejitetea kwa lipi?

Maiti ikateremshwa Mbamba Bay. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Vitalia akavaa gauni jeusi, akajitanda kitenge, akapanda Noah. Hakualikwa, hata simu zake zilikuwa hazipokelewi.

Aliposhuka karibu na ufukwe aliona meza ya chupa za petroli na mzee ameketi nyuma yake. Mvuvi mmoja akanunua chupa mbili, akazimimina moja kwa moja kwenye mashine ya boti yake, akaondoka zake.

"Shikamoo, baba. Mbona yule hakuweka oili?"

"Marahaba. Nimeshaichanganya mwenyewe, mwanangu. Petroli yote ya mezani ni ya mashine za boti. Huku hata mtoto anajua."

"Zabron fundi cherehani hununua wapi?"

"Kwa nani tena? Kwangu mimi, Nazari."

Oili juu ya oili. Ndiyo maana plagi ililowa, ndiyo maana baiskeli iliteremka nzima kwa petroli ya Mbinga na kupanda ikiumwa. Sasa Vitalia alikuwa na la kujitetea, na lilimtisha. Zabron alikuwa mtoto wa ufukwe huu. Kumwambia ni kumtwisha kifo cha mama yake. Kunyamaza ni kumpoteza.

Alimkuta nyuma ya nyumba ya msiba, amechuchumaa kando ya baiskeli.

"Umefuata nini?"

"Kukupa pole. Na kukwambia ukweli." Akachuchumaa upande wa pili. "Petroli ya mzee Nazari ina oili tayari. Ukaongeza vifuniko vyangu, ikazidi. Nilikuagiza uongeze bila kukuuliza unanunua wapi. Plagi inalowa miezi mitatu, sikuuliza. Hilo kosa ni langu."

Zabron alifungua kifuniko cha tanki, akanusa.

"Baba yangu alikuwa na boti," akasema. "Petroli ile nimeibeba tangu nina miaka saba. Najua ina oili, Vitalia. Najua! Ila kwenye baiskeli sikuwaza kabisa. Alhamisi nilimimina kwa mkono huu huu."

"Najua."

"Bora ungeniacha nikuchukie wewe."

"Nilitaka. Kutoka ufukweni mpaka hapa nimesimama mara tatu. Lakini nakupenda, na nisingeweza kuzeeka unanichukia kwa uongo."

Zabron akalia kwa sauti, paji la uso juu ya tandiko. Shangazi yake, Siwema, akachungulia mlangoni.

"Binti, Noah ya Mbinga hiyo inapiga honi. Unaondoka?"

Vitalia akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Usije ukaniambia si kosa langu," Zabron akasema bila kuinua uso.

"Sitakwambia."

"Na mimi sitakwambia si lako."

"Sawa."

Honi ikalia mara ya pili.

"Basi kaa," Zabron akasema.

Vitalia akavua viatu, akaketi chini kando yake. Noah ikaondoka.